Treni Haina Usukani

"Puuuuu! Puuuuu! Pu! Puuuuu!"

Gesare alisikia honi hiyo akiwa ameketi sakafuni katika nyumba ya mama mkwe wake, Bathsheba, mwanawe mchanga Lorna amelala mapajani, na nywele za shingoni zikamsimama. Huku Magwagwa hakuna reli. Haijawahi kuwako. Kuna majani chai, kuna ndizi, kuna mvua ya alasiri na pikipiki zinazopanda mlima zikilia kama mbuzi aliyeshikwa miguu. Lakini sauti iliyoingia dirishani ilikuwa ya treni: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, vilevile ilivyolia kule Mukuru, Nairobi, asubuhi ilipomchukua mume wake.

Alimlaza mtoto, akasogeza pazia.

Chini ya hema la matanga, shemeji yake Nyakundi alikuwa amekunja viganja mdomoni kama tarumbeta, akiwaonyesha wazee jinsi treni inavyolia. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mnunuzi wa ndizi, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Nairobi alikuwa ameenda kwa harusi tu, akarudi na basi lile lile, wala hakuna aliyewahi kumsikia akisema ameona treni.

"Na hapo ni mbali bado," aliwaambia. "Ikikaribia, ardhi inatetemeka. Ng'ombe wa jirani anakataa kutoa maziwa."

"Sasa Joash hakusikia?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapo ndipo mnijibu nyinyi."

"Na dereva?" akadakia mwingine. "Alishindwa nini kumkwepa? Hata lori la majani chai linakwepa kuku."

"Labda breki zilikataa."

"Kitu kikubwa hivyo kitakosa aje breki?"

Nyakundi aliwaacha wazunguke na maswali yao kama ng'ombe kwenye josho, kisha akawafungulia mlango aliotaka wapitie. "Wazee, nyinyi mna akili. Mwanamume mzima, masikio mawili, hajalewa, agongwe na kitu kinacholia namna hii?" Akapuliza tena viganja vyake. "Puuuuu! Hapana. Masikio yale yalifungwa. Na hayakufungiwa Nairobi."

Shingo ziligeuka. Ziligeuka kwa adabu, kama watu wanaotazama kama mvua itanyesha, zikaelekea chini ya boma, kwenye nyumba ndogo ya Nyamusi kando ya shamba la mboga za chinsaga.

Nyamusi alikuwa mke wa pili wa marehemu mzee Ogeto, baba yao Nyakundi na Joash. Watoto hakupata. Alichopata ni kipande kile cha ardhi, na mboga ambazo soko zima la Magwagwa lilikuwa likizinunua mpaka juma lililopita. Krismasi iliyotangulia, Joash alipokuja likizo, kila asubuhi alikata katikati ya chinsaga ya Nyamusi ili asizunguke kufika barabarani. Siku moja mama huyo akasimama na jembe mkononi, akapaza sauti boma lote likasikia: "Joash! Hizi njia zako za mkato zitakuua siku moja!"

Wakati ule walicheka. Joash mwenyewe alicheka, akarudi kinyumenyume akimpungia mkono, akakanyaga miche mingine. Sasa maneno yale yalikuwa yameiva yakawa ushahidi.

Ukoo ule haukuwa wa wajinga, na hilo ndilo lililomchoma Gesare kuliko yote. Pale hemani palikuwa na walimu wawili, fundi wa simu, na kijana aliyesomea sheria mpaka karo ikamshinda. Kila mmoja wao angeweza kuuliza swali moja tu la maana: alikuwa anatembea wapi? Hakuna aliyelitaka. Kufa kwa sababu ulitembea juu ya reli ni kifo kidogo, kifo cha kuinamisha uso. Kurogwa ni kifo kikubwa. Aliyerogwa alionewa wivu, na aliyeonewa wivu lazima alikuwa na mali. Joash alikuwa na meza ya televisheni isiyo na televisheni, na kazi ya kufunga sabuni kwenye makasha kiwandani, akiitwa leo, kesho akiambiwa arudi nyumbani. Lakini kadiri matanga yalivyoendelea ndivyo alivyozidi kutajirika.

*

Nyakundi alimkuta nyuma ya jiko akisuuza nepi.

"Shemeji, kesho utapewa kipaza sauti. Kidogo tu. Sema alikuwa baba mwema, sema aliondoka nyumbani akiwa mzima. Basi. Mengine tuachie sisi."

"Mengine gani?"

"Wewe umeolewa hapa, hukuzaliwa hapa. Kuna mambo ya ndani ya nyumba."

Gesare alikamua nepi, akaikung'uta, akaitundika. "Nyakundi, ile honi umeisikia wapi?"

"Honi gani?"

"Uliyokuwa ukiwapigia wazee."

"Ah! Hata kwa televisheni watu husikia."

"Mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Televisheni gani hiyo?"

Nyakundi alianza kutazama viatu vyake, kana kwamba vimepasuka ghafla.

Hakuhitaji kumjibu. Asubuhi ya ajali Gesare alikuwa kwenye meza yake ya mboga, pale pale kando ya reli. Alimwona Joash akitoka zamu ya usiku, akitembea katikati ya vyuma viwili kama mtaa mzima ulivyozoea kutembea, simu sikioni, mkono mwingine ukikata hewa. Alikuwa akigombana, na kwa ugomvi Joash hakujua kunong'ona. "Nyakundi, hiyo miti ni ya baba! Unaikataje bila kuniuliza?" Nyuma yake treni ikatokea kwenye kona. Gesare aliita. Wauza nyanya waliita. Kinyozi alitoka na wembe mkononi akaita. Treni nayo ikaita kwa honi yake, mbili ndefu, moja fupi. Joash, kwa kuudhiwa na kelele hizo zote, akaziba sikio la pili kwa kidole ili amsikie kaka yake vizuri.

Basi mtu wa upande wa pili wa ile simu alikuwa ameisikia honi mpaka mwisho wake. Ndiyo maana aliipiga bila kukosea.

"Kile kipande cha juu, karibu na barabara," Nyakundi alisema sasa, sauti imelainika kama ndizi iliyokaa guniani. "Nimezungumza na wazee. Utajengewa, wewe na mtoto. Mabati mapya. Mjane mwenye adabu ukoo hauwezi kumtupa."

"Na asiye na adabu?"

"Kwenu si Tabaka? Baba yako bado anachonga mawe? Nasikia ndugu zako wote wameoa na wanalala pale pale. Sijui kama kuna pembe imebaki."

Alijua vizuri kwamba haikubaki.

"Na Nyamusi mtamfanya nini?"

"Sisi?" Nyakundi alishika kifua chake kwa viganja viwili. "Sisi hatufanyi kitu. Vijana ndio wana hasira. Mimi mtu mmoja nitawashika vijana wote?"

Akaingiza mikono mfukoni, akaondoka akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Wanaume wa aina yake huua hivyo hivyo, mikono ikiwa mfukoni.

*

Asubuhi ya mazishi Nyamusi alipanda na kapu la chinsaga kwa ajili ya wageni. Wanawake wa jikoni walilipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, omong'ina, mama yetu. Mungu akubariki." Wakangoja ageuke, ateremke, apotee nyuma ya migomba. Kisha wakammwagia ng'ombe mboga zote. Ng'ombe alikula akamaliza, akalamba pua, akaendelea kuishi. Hilo hakuna aliyelitaja.

Gesare alijaza kikombe cha chai akateremka nacho, Lorna mgongoni. Alimkuta Nyamusi mlangoni akifunga kuku wake miguu kwa kamba za migomba.

"Unawapeleka wapi, mama?"

"Kiogoro, kwa dada yangu. Wao wasiungue; kuku hawakusema kitu Krismasi." Akakitazama kikombe. "Hicho ni cha nani?"

"Cha mama Bathsheba."

"Watakivunja ukikirudisha."

"Basi ubaki nacho."

Mama huyo alikunywa chai polepole. Alikuwa amesuka upya kamba ya kitanda chake, amefagia uwanja, amepaka kuta samadi mpya, kama mtu anayengoja wageni.

"Niambie wewe uliyekuwepo," akasema. "Alitembea juu yake? Juu ya hicho chuma?"

"Kila siku. Sote tulitembea. Ni karibu kuliko barabara."

"Ni karibu." Nyamusi aliyageuza maneno hayo mdomoni. "Hata hapa kwangu palikuwa karibu. Nilimpigia kelele ili aishi, huyu mtoto. Mimi ndiye niliyemtembeza mgongoni mama yake alipolazwa hospitali. Na leo hawataki nimwage hata konzi moja ya udongo."

"Wakikuuliza utawajibu nini?"

"Hawaulizi. Na mzee kama mimi akisema 'si mimi', anasikika vipi? Anasikika kama ni yeye." Akafuta mdomo. "Jana vijana wa pikipiki walipita. Wana heshima sana. Walinisalimia, wakaniuliza kama nyumba yangu ina mlango wa nyuma."

Gesare aliikaza kanga iliyomfunga Lorna mgongoni.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia sina. Wakanishukuru."

*

Jeneza liliwekwa juu ya meza mbili za shule. Jenereta liliguruma nyuma ya migomba, na spika mbili ndefu kuliko mtu zikasimamishwa kushoto na kulia, maana siku hizi hata huzuni isiposikika mpaka ng'ambo ya mto inaonekana ni ya maskini. Mchungaji Jethro alihubiri habari za subira, akazunguka, akarudi kwenye subira. Alikuwa amesikia minong'ono yote. Alijua nyumba gani ilikuwa imetajwa. Lakini sadaka ya ujenzi wa kanisa ilikuwa chini ya mkono wa Nyakundi, basi mchungaji akafumba macho, akamwachia Mungu kazi ambayo Mungu alikuwa amemwachia yeye.

Mshereheshaji alimwita mjane. Gesare alisimama, akachukua kipaza sauti, akasema, "Nitaongea baada ya shemeji," akaketi.

Nyakundi alifurahi sana kuachiwa uwanja. Alisimama mbele ya umati, jeneza na familia nyuma yake. Alianza chini kwa machozi, akapanda.

"Ndugu yangu alikuwa nguzo! Alikuwa karibu kununua gari! Na kuna jicho halikupenda!" Spika zilitetemesha majani ya migomba. "Wananiambia ni ajali. Ajali! Treni inalia hivi!" Akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Puuuuu! Puuuuu! Nani hapa hawezi kusikia hiyo? Mtoto mchanga anasikia! Kiziwi anasikia! Mtu wa masikio mawili anakosaje kusikia, kama hakufungwa?"

"Ndiyo!" vijana wa pikipiki waliitikia kutoka ukingoni.

Gesare aliinuka. Alipita jeneza akasimama nyuma ya shemeji yake, karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya kola yake.

"Nyakundi!" aliita.

"Halafu wanataka tunyamaze!"

"Nyakundi!" Sasa hata waliokaa mwisho walisikia. Umati ulianza kumtazama mjane badala ya msemaji.

"Mimi sitanyamaza! Mimi naona! Mimi nasikia!"

"NYAKUNDI!" Lorna aliamka kwa sauti hiyo akaanza kulia. Mahali fulani kati ya wanawake mtu alitoa kicheko akakimeza. Nyakundi alidhani amewagusa mioyo, akainua mkono juu zaidi.

Gesare alinyoosha kidole kimoja akamgusa begani.

Nyakundi aliruka. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, kipaza sauti kikamtoka, kikagonga ardhi na kupiga yowe. Kicheko kilichomezwa kikatapikwa, na chenyewe kikaamsha vingine, hadi wazee wa safu ya mbele wakaanza kujifanya wanakohoa.

Gesare aliokota kipaza sauti, akakipangusa udongo.

"Nimekuita mara tatu, shemeji. Watu wote wamenisikia. Una masikio mawili. Nani amekuroga?"

"Hizi spika zina kelele!" Nyakundi alifoka. "Na ulikuwa nyuma! Na nilikuwa naongea!"

"Basi umejibu mwenyewe. Joash alikuwa na simu sikioni. Treni ilikuwa nyuma yake. Na alikuwa anaongea."

Mtu mmoja akazima jenereta, na Gesare akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, bila spika.

"Kuna aliyeuliza kwa nini dereva hakumkwepa. Wazee, treni haina usukani. Haikwepi kuku, haikwepi mtu. Inapita pale chuma kilipo, hapo tu. Breki dereva alizifunga, mimi nilizisikia zikilia, na bado ilitupita sisi sote, ikampita kinyozi, ndipo ikasimama. Ile haikuja kumtafuta Joash. Joash ndiye aliyekuwa kwenye njia yake, na mimi pia. Meza yangu ya mboga ilikuwa pale. Ikija tunavuta meza, ikipita tunarudisha, na watoto wetu wanaruka vyuma kwenda shule. Tulifanya reli kuwa uchochoro wetu kwa sababu barabara inazunguka. Hayo ndiyo yaliyomuua mume wangu. Nyamusi alimwonya mchana kweupe, mbele yenu, na nyinyi mlicheka."

"Alikuwa anaongea na nani?" aliuliza yule mzee wa kuku na lori. Sasa alikuwa amepata swali la maana, ingawa lilikuwa limechelewa.

"Mwulizeni anayejua kuipiga honi."

Mama Bathsheba alikuwa hajatamka neno tangu jeneza lishushwe garini. Alishika ukingo wa meza ya shule, akasimama kwa taabu, akamtazama mwanawe aliyebaki.

"Nyakundi. Ulikuwa wewe?"

"Mama..." Alilegeza tai. Akatazama wazee, akatazama mchungaji, na mchungaji akatazama Biblia. "Mama, simu ilikatika tu. Nilifikiri ni mtandao."

Mama huyo aliketi. Alivuta leso akafunika uso wote, kama mtu anayefunika chungu kilichoharibika.

*

Angesema mtu kwamba walitubu. Hawakutubu. Walimzika Joash, wakaimba, kisha wakapanga foleni ya wali na nyama wakisukumana, watu wale wale ambao jana walikuwa tayari kumwangalia bibi kizee akiungua. Walimu wawili walisema walikuwa wamejua ni ajali tangu mwanzo. Fundi wa simu alieleza jinsi mtandao unavyoweza kukatika. Mchungaji aliomba afungiwe nyama ya kumpelekea mke wake.

Nyakundi alimpita Gesare kwenye foleni bila kugeuza shingo. "Kile kipande cha juu, sahau," alisema akiuma meno. "Na hemani kwangu usile." Mpakuzi, aliyekuwa ameinua mwiko, akaurudisha sufuriani taratibu, akampakulia mtu wa nyuma.

Na ukingoni, kwenye pikipiki, kijana mmoja alikuwa akiwaambia wenzake huku akitafuna, "Sawa, alikuwa kwa simu. Lakini ni nani alimfanya aongee na simu saa ile ile? Jiulizeni, manze." Wenzake walijiuliza. Mmoja alitikisa kichwa pole pole, akaangalia chini, kwenye nyumba ndogo.

Gesare alimsikia. Alielewa pale pale kwamba mtu anayetaka mchawi hakosi mchawi. Ukimzibia mlango mmoja ataingia kwa mwingine. Aliingia ndani, akakusanya nguo za mtoto kwenye mfuko wa nailoni, akatandua blanketi alilokuwa amepewa na mama mkwe. Mama Bathsheba, bado amefunika uso, alilishika blanketi kwa pembe, na Gesare akadhani anamnyang'anya. Mama huyo alikuwa akimwongezea la pili.

Akateremka mchana kweupe, umati ukimtazama, sahani mikononi. Alipofika kwenye chinsaga hakukata katikati, ingawa mfuko ulikuwa mzito na mtoto alikuwa akilia. Alizunguka. Alifuata njia mpaka mwisho wa shamba, akapinda kwenye mgomba, akarudi juu hadi mlangoni, na vijana wa pikipiki waliacha kutafuna wakimfuata kwa macho.

Nyamusi alikuwa ameketi na kapu lake la kuku.

"Unanipitia kuniaga?" aliuliza.

Gesare aliweka mfuko ndani ya nyumba, akaweka mablanketi juu yake. Kisha akatoka, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ile ile aliyomwitia Nyakundi mara ya tatu, ili ifike hemani na kwenye pikipiki:

"Mama, wafungue kuku, hawaendi Kiogoro. Mimi na Lorna tunalala hapa kuanzia leo. Kesho nitamleta fundi atoboe mlango wa nyuma. Na mpaka utoboke, yeyote atakayekuja kwa huu wa mbele, akiwa na kibiriti au bila kibiriti, atanikuta mimi."